Je, huyu mchezaji alivunja ahadi? Nilikuwa mwamuzi, nimekata shauri, na moyo haujatulia

Kauntabuku (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana nikifupisha nitakuwa nimewapa upande mmoja tu.

Tuko watu watano hapa Morogoro, tunakutana Jumamosi kucheza Nomic. Kwa wasioufahamu: ni mchezo uliobuniwa mwaka 1982 na Peter Suber, mwanafalsafa aliyekuwa akifundisha Earlham College, Indiana, Marekani. Mwaka huohuo Douglas Hofstadter akauandikia katika safu yake kwenye jarida la Scientific American, ndipo ukasambaa. Jina linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya sheria. Hakuna ubao wala kete za kusogeza. Zamu yako ikifika unaleta hoja ya kubadilisha kanuni za mchezo wenyewe, wenzako wanajadili, wanapiga kura, kisha unatupa dadu mara moja na kujiongezea pointi zilizotokea. Wa kwanza kufika 100 ameshinda. Mnaanza na kanuni 29: 16 ngumu kubadilisha, namba 101 hadi 116, na 13 laini, rahisi kubadilisha, namba 201 hadi 213. Hoja mpya zinahesabiwa kuanzia 301, ipite isipite.

Kanuni tatu za mwanzo lazima mzishike, bila hizo kesi haieleweki. Ya 203 inataka kila hoja ipite kwa kura zote, ila ikifika mwisho wa mzunguko wa pili bila kurekebishwa, inageuka yenyewe na wingi wa kawaida unatosha. Ya 204 inasema wingi ukishaanza kutosha, anayepiga hapana kwa hoja iliyopita anapewa pointi 10. Hiyo ni fidia ya walioshindwa. Ya 212 inasema wakibishana, mwamuzi ni yule anayemtangulia mwenye zamu, na hukumu yake haifutwi mpaka wachezaji wengine wote wakubaliane kuifuta kabla zamu inayofuata haijaanza.

Mzunguko wa kwanza tulipitisha hoja 304, yetu wenyewe: ahadi iliyoandikwa kwenye kauntabuku la mchezo na kutiwa sahihi inamfunga aliyeandika. Akiivunja anapoteza pointi 15, na aliyeahidiwa anapata 5.

Mzunguko wa pili, mchezaji wa tatu akaleta 308: anayechelewa kufika anakatwa pointi 3. Wa pili hakuipenda. Anatoka Kihonda, Jumamosi daladala zinajaa, kila mara anafika jasho linamtoka. Kura moja ya hapana ingeiua ile hoja. Basi wakapatana, na wa tatu akaandika mbele yetu: "Mimi wa tatu naahidi kupiga kura ya ndiyo kwa hoja ya dadu ya mchezaji wa pili, zamu yake ijayo." Sahihi. 308 ikapita.

Jumamosi iliyofuata, mzunguko wa tatu, wa pili akachelewa dakika ishirini. Akakatwa 3. Akakaa, akaleta 312: kila mchezaji atupe dadu mara mbili kwa zamu. Kwenye mjadala, mchezaji wa nne akasema hivyo anayeongoza atazidi kuongoza, afadhali iwe kwa wenye pointi chini ya 10 tu. Wa pili akaafiki, akafuta "kila mchezaji", akaandika juu yake "mchezaji mwenye pointi chini ya 10". Mwenye zaidi ya 10 alikuwa mmoja tu mezani, wa tatu. Alikuwa na 11; dadu ilimpa tano, kisha sita.

Tukapiga kura kuzunguka meza. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wa tatu akawa wa mwisho. Akasema hapana. Hoja imepita 4 kwa 1, yeye akadai pointi zake 10 za kanuni 204. Akafika 21. Ukumbuke dadu ikikupenda sana inakupa 6.

Wa pili akainuka: ahadi yangu! Mwenye zamu alikuwa yeye, mimi ni wa kwanza, kwa hiyo uamuzi ukaniangukia. Nikahukumu kwamba ahadi imevunjwa. Niliandika: "Ahadi ilisema hoja ya dadu. Hii ni hoja ya dadu." Wa tatu akabaki na 6. Hakugomba. Alinitazama tu akasema, "Sikuahidi kujitoa mwenyewe."

Maneno hayo yamenikalia kooni wiki nzima. Naomba mnisaidie.

---

Mlali Juu

Ahadi ni deni. Kaahidi ndiyo, kasema hapana. Umehukumu sawa, lala usingizi.

---

Katibu wa Kikoba

Mlali Juu, kama ingekuwa rahisi hivyo mleta uzi asingeandika yote hayo.

Mimi nashika vitabu vya kikoba mwaka wa nane sasa na nitaongea ninachokijua, ambacho ni udhamini. Mtu anakuja kumdhamini mwenzake mkopo wa laki tano wa miezi sita. Anatia sahihi. Baadaye mkopeshaji na mkopaji wanakaa pembeni, wanageuza riba au wanaongeza muda, mdhamini hajaambiwa. Mkopaji akishindwa, je, mdhamini analipa? Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema masharti yakibadilishwa bila ridhaa ya mdhamini, anafunguliwa kwa yale yanayofuata baada ya mabadiliko. Na ni haki. Yeye alikubali kubeba mzigo alioonyeshwa, siyo mzigo wowote utakaopewa jina lilelile.

Hapa ni vilevile. Alionyeshwa dadu mara mbili kwa kila mtu, naye akiwemo. Alipoahidi alijua atafaidika pamoja na wenzake. Hoja ikageuzwa ikawa inamwacha yeye peke yake nje. Jina limebaki, "hoja ya dadu", lakini kitu chenyewe siyo kile. Kwangu hakuvunja ahadi. Ahadi iliisha pale wa pili alipochukua kalamu kufuta maneno.

---

Drafti Kona

Naunga mkono Katibu. Naongeza: wa pili amepoteza nini? Hoja yake imepita. Ahadi lengo lake lilikuwa hoja ipite. Imepita. Kesi imekwisha.

---

Kauntabuku

Drafti Kona, hapo sikubaliani nawe. Wa pili alishalipa. Aliipigia ndiyo 308, kanuni iliyomkata pointi siku ileile ya kura ya 312. Alichonunua ni kura. Hakununua matokeo. Fundi akikuahidi atakuja kukuezekea Jumatano, asije, halafu jirani zako wakakuezekea, nyumba haivuji lakini fundi hakuja.

Katibu, wewe ndiye umenigusa. Na kuna jambo sikuliandika juu kwa kuwa sikujua kama lina uzito. Umesema "pale wa pili alipochukua kalamu". Kalamu ile alipewa na wa tatu. Ya wa pili ilikuwa imekauka, akawa anaikwaruza pembeni mwa karatasi, na wa tatu akachomoa yake mfukoni, akafungua kifuniko, akampa. Kisha akashika ukingo wa kauntabuku lisijikunje wakati mwenzake anaandika. Nilikuwa nimekaa mkabala nao, niliona.

---

Katibu wa Kikoba

Hilo ungelisema mwanzo mkuu.

---

Mtu wa Pemba

Asalaam aleikum ndugu zangu.

Kabla ya kalamu, mimi nataka kujua walizungumza nini siku ya ahadi. Maneno ya karatasini ni machache mno. "Hoja ya dadu" ni mfuko, na mfuko hujulikana kwa kilichotiwa ndani siku ile. Je, siku ile wa pili alieleza hoja yake itakuwaje? Kama alieleza, ahadi ni juu ya alichoeleza. Kama hakueleza, na wa tatu akatia sahihi hivyohivyo, basi amejifunga kwa lolote la dadu litakalokuja, na ni juu yake kwa kutouliza.

Ndiyo maana wazee wetu wakiahidi husema inshaallah. Siyo mlango wa kutorokea kama vijana wanavyoufanya leo. Ni kukiri kwamba baina ya leo na hiyo kesho, mambo yaweza kugeuka bila ya mkono wako.

---

Kauntabuku

Waaleikum salaam mzee wangu. Alieleza. Alisema "kila mtu atupe mara mbili, mchezo uchangamke". Mimi nilisikia, wa nne alisikia. Haikuandikwa.

---

Mtu wa Pemba

Basi sababu uliyoiandika kwenye hukumu haikutosha. Sisemi hukumu ilikosea. Nasema sababu. Uliisoma karatasi kana kwamba hukuwepo, na ulikuwepo.

---

Msafiri wa Mvomero

Nimechelewa kuuona uzi huu na umenifurahisha sana, maana mchezo huu naufuata kwa karibu miaka mingi.

Kuna Nomic moja inaitwa Agora, inachezwa kwa barua pepe tangu Juni 1993 na haijasimama mpaka leo. Wale wana ahadi kama zenu: mchezaji anatamka hadharani, na akiivunja ni kosa lenye adhabu. Kwa hiyo swali lako siyo geni, limewasumbua na wao. Kinachonivutia ni jinsi kanuni zao zinavyomwelekeza anayehukumu. Maandishi ya kanuni ndiyo yanatangulia. Yakinyamaza au yakiwa na utata, hapo anatazama desturi ya mchezo, akili ya kawaida, hukumu zilizotangulia, na maslahi ya mchezo. Kanuni 212 ya Suber nayo iko hivyo kwa ufupi: kanuni zikiwa kimya, zinapingana au haziko wazi, mwamuzi atazame kwanza desturi na roho ya mchezo.

Sasa kanuni yenu 304 imenyamaza wapi? Inasema ahadi inafunga. Haisemi ahadi ikigusa kitu ambacho bado hakijaandikwa, tena kitu ambacho kanuni 111 inamruhusu mwenye hoja kukigeuza mpaka dakika ya mwisho kabla ya kura, itakuwaje. Hilo ndilo pengo. Ukiahidi kuipigia kura hoja ambayo haijazaliwa, unajua, kwa kanuni, kwamba inaweza kubadilika. Mdhamini wa Katibu hakujua kama riba itageuzwa. Wa tatu alijua. Kanuni 111 iko pale tangu siku ya kwanza.

Pia shukuru hukusema "nimeshindwa kuamua". Kanuni 213 inasema ikiwa kwa hoja bora kabisa za mwamuzi tendo linaonekana halali na haramu kwa uzito uleule, mchezaji wa kwanza asiyeweza kumaliza zamu yake ndiye mshindi. Zamu ilikuwa ya wa pili. Angeondoka na mchezo mzima mezani.

---

Kauntabuku

Msafiri, hilo la 213 halikunipitia kichwani kabisa. Nimelisoma tena sasa hivi, nimekaa nimelifikiria. Ahsante.

---

Drafti Kona

Mimi bado nauliza, kwa nini ahadi zihukumiwe hata kidogo? Kuna Diplomacy, mchezo wa Allan Calhamer uliotoka mwaka 1959, watu saba wanagawana Ulaya ya kabla ya Vita vya Kwanza. Mnakwenda pembeni mnaahidiana, mnarudi, kila mtu anaandika amri zake kwa siri. Ahadi hazimfungi mtu. Ukisalitiwa, umesalitiwa, hakuna wa kumlilia. Na mchezo una ladha kwa sababu hiyo. Mngeacha 304, leo msingekuwa na kesi.

---

Msafiri wa Mvomero

Diplomacy kanuni zake hazibadiliki, kwa hiyo kila anayekaa pale anajua ahadi haina polisi. Hawa watano walikaa wakasema, kwa kura zote tano, kwamba sisi ahadi zetu zitafunga. Wa tatu mwenyewe aliipigia 304 ndiyo, la sivyo isingepita. Huwezi kuwapima kwa mchezo mwingine.

---

Drafti Kona

Hapo sawa. Nimekubali.

---

Binti Ulanga

Nimesoma kuanzia juu. Mnabishana kama hoja ilikuwa ileile au nyingine, na mimi naona swali hilo lina jibu mbili nzuri na hamtamaliza. Nitazame saa.

Mjadala ulikuwa na muda wake. Wa nne alipotoa pendekezo, wa tatu alikuwa na nafasi ya kusema: "Wa pili, ukikubali hilo, ahadi yangu haipo tena." Sentensi moja. Wa pili angechagua kati ya kubaki na maneno ya zamani na kura ya uhakika, au kuchukua maneno mapya na kuiacha ahadi. Hiyo ilikuwa haki yake, kuchagua akiwa anajua. Wa tatu akakaa kimya. Akatoa kalamu. Akashika daftari. Akangoja zipigwe ndiyo nne, akijua kura yake haiwezi tena kuua wala kuokoa kitu, imebaki na thamani moja tu, pointi 10.

Na hapo ndipo kanuni 204 inapotisha ikikaa jirani na 304. Baada ya mzunguko wa pili, kila aliyeahidi kupiga ndiyo ana pointi 10 zinazomwita upande wa hapana, ilimradi wengine wametosha. Kila mmoja atatafuta sababu, na sababu nzuri hazikosekani. Kwa hiyo mwamuzi anatakiwa aulize: sababu hii ilisemwa lini? Iliposemwa kabla ya kura, ni pingamizi. Iliposemwa baada ya kuhesabu kura za wenzako, ni kitu kingine.

Kwangu mimi mabadiliko yalimpa ruhusa ya kujitoa. Hakuitumia. Kalamu ilikuwa ridhaa. Hukumu inasimama, lakini siyo kwa sababu uliyoiandika.

---

Katibu wa Kikoba

Dada Ulanga, nitakupinga kidogo. Kanuni 304 inaadhibu kuvunja ahadi. Haiadhibu kunyamaza. Unamkata mtu pointi 15 kwa jambo ambalo hakuna kanuni iliyolikataza, na kanuni 116 inasema lisilokatazwa wala kuwekewa utaratibu linaruhusiwa.

---

Binti Ulanga

Simkati kwa kunyamaza, kaka. Namkata kwa kura. Kunyamaza kwake, pamoja na ile kalamu, ndiko kunakoniambia kwamba alikubali hoja iliyorekebishwa iwe ndiyo hoja ya ahadi. Mdhamini wako, mkopeshaji akigeuza riba mbele ya macho yake, na yeye ndiye anayempa kalamu ya kuandikia riba mpya, utamfungua?

---

Katibu wa Kikoba

...Hapana. Huyo simfungui. Ningemwita kwanza nimuulize alielewa anachokishikia kalamu au la, ila kama alielewa, simfungui.

---

Mtu wa Pemba

Na kumuuliza ndiko kulikokosekana. Mleta uzi, ulimuuliza?

---

Kauntabuku

Sikumuuliza, mzee. Nilikuwa na hasira kidogo. Nilimwona wa pili alivyokaa, bado hajakauka jasho, pointi zake 4, nikaona pale mezani kuna mtu amefanyiwa. Nikakimbilia karatasi kwa kuwa karatasi ilinipa jibu haraka. Hilo ndilo lililokuwa kooni kwangu na sikulijua mpaka niliposoma hapa.

Leo asubuhi nimempigia wa tatu. Nimemuuliza ile kalamu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema aliitoa kabla hajaona "chini ya 10" inamgusa yeye peke yake. Alihesabu wakati mwenzake anaandika. Nikamuuliza, ulipomaliza kuhesabu kura zilikuwa zimeanza? Akasema bado. Nikamuuliza, mbona hukusema? Akasema, "Nilifikiria kusema. Nikaziona zile kumi."

Nimemheshimu kwa kunijibu hivyo.

Hukumu siwezi kuirudisha, zamu nyingine ilishaanza, na kanuni 107 hairuhusu kanuni mpya kurudi nyuma. Lakini sababu naweza kuiandika upya pembeni, na waamuzi wajao hawafungwi na maneno yangu. Zamu yangu inayokuja ni hoja 316. Nafikiria hivi, nikosoeni:

"Ahadi ya kura inanakili maneno ya hoja inayoahidiwa. Maneno yakibadilishwa, aliyeahidi anaweza kujitoa kwa kusema hadharani kabla ya kura ya kwanza kupigwa. Asiposema, ahadi inabaki juu ya maneno mapya."

---

Msafiri wa Mvomero

Ongeza kwamba mwenye hoja lazima atangaze mjadala umefungwa, la sivyo mtabishana kura ya kwanza ilianza lini. Watu husema "ndiyo" kwa kichwa kabla ya kuulizwa.

---

Binti Ulanga

Na aliyeahidi apige kura wa kwanza. Ndogo, lakini itaondoa ile hesabu ya kidole.

---

Kauntabuku

Nimechukua yote mawili. Nitaleta mrejesho.

---

Kauntabuku (mrejesho, Jumapili)

Wakuu, jana tumecheza. 316 imepita 4 kwa 1.

Kabla sijaisoma hoja niliomba radhi kwa wa tatu kwa kutomuuliza siku ile, na nikaandika sababu mpya chini ya ile ya zamani, ya zamani nimeiacha ionekane. Wa tatu alisoma, akasema bado anaona 15 ni nyingi. Kisha akaipigia 316 ndiyo.

Aliyepiga hapana ni wa pili. Anasema kumlazimisha mtu anakili hoja neno kwa neno kutaua mapatano ya haraka, na yeye mapatano yake mengi anayafanya kwenye daladala kwa simu. Amepata pointi zake 10. Alikuwa amenipigia Alhamisi kuniambia atakataa, na mezani akarudia kabla mjadala haujafungwa. Hakuna aliyeinuka. Wa tatu ndiye aliyemwandikia zile kumi kwenye kauntabuku.